Kuchagua kichwa cha kukatia kwa CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) ya kujiundia yenye bajeti ndogo

Mtu akishafunga reli na mota za stepa (zinazosogeza mashine hatua kwa hatua), swali linalofuata karibu kila mara ni hili: ninunue spindeli, yaani mota ya kuzungushia biti, ya wati ngapi? Wati ni jambo la kuangalia mwishoni. Mashine ndogo ya kujiundia mara chache hushindwa kukata kwa sababu mota yake haina nguvu. Hushindwa kwa sababu fremu inapinda, au kwa sababu biti inazunguka kasi mno kuliko mwendo ambao mashine inaweza kuipeleka. Ukilijua hilo kabla ya kulipa, huenda ukanunua kitu chepesi na cha bei ya chini kuliko ulichopanga.

Humu nitaita "kichwa" sehemu nzima inayozungusha biti: mota, beringi zake na koleti inayoshika biti.

Hatua ya 1: Pima mashine kabla ya kununua chochote

Anza na mwendo. Andika programu fupi ya kupeleka mhimili mm 300 na kuurudisha, mara nyingi mfululizo. Tia alama ya penseli mahali pa kuanzia. Anza na mm 500 kwa dakika, kisha panda taratibu hadi mota ianze kuruka hatua. Utausikia mlio wake wa kukoroma, na ukirudi mwanzo alama haitakutana tena. Nusu ya mwendo huo ndiyo uihesabu kuwa mwendo wako wa kukatia, kwa kuwa biti ikiwa ndani ya mbao mota ya stepa inasukuma mashine na inasukuma biti pia. Skrubu ya T8 (ya kipenyo cha mm 8) inayosogeza mm 2 kwa kila mzunguko, ikizungushwa mara 600 kwa dakika, inakupa mm 1,200 tu kwa dakika. Usiidai zaidi ya hapo kwa kuwa video fulani imeonyesha mashine ikikimbia.

Kisha pima ukakamavu. Funga kipande cha bomba nene mahali ambapo kichwa kitakaa, weka geji ya saa (kipimo cha mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita) upande mmoja wa ncha yake, na upande wa pili vuta kwa mizani ya kuning'iniza hadi isome kilo 5. Fanya hivyo kwa X, halafu kwa Y. Ncha ikisogea nusu milimita, hiyo ni mashine ya mbao laini, plaiwudi nyembamba na kuchonga maandishi. Ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita au chini ya hapo, unaweza kuanza kufikiria alumini, kwa kula kidogo kidogo. Hicho ni kipimo changu cha haraka, si kanuni ya kiwandani, lakini kinaokoa fedha: mashine iliyosogea milimita nzima haihitaji spindeli mpya, inahitaji daraja (boriti ya juu inayobeba kichwa) zito zaidi na reli nene zaidi.

Mwisho, uzito ambao mhimili wa Z unaweza kuubeba. Skrubu ya T8 inayosogeza mm 8 kwa mzunguko inaweza kuteremka yenyewe umeme ukikatika, na kichwa kizito kikashuka na biti juu ya kazi. Ile ya mm 2 kwa kawaida hujishika. Kumbuka pia kwamba kila kilo unayoongeza kwenye Z inaning'inia mbele ya daraja, na daraja jembamba hujipinda kwa msokoto kabla hata hujaanza kukata.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya jino

Hii ndiyo hatua inayoamua ununue nini, na ndiyo wengi huiruka. Kila jino la biti likipita linatakiwa kunyoa ganda la unene fulani. Unene huo unaupata hivi: chukua mwendo wa mashine kwa dakika, ugawanye kwa mizunguko ya biti kwa dakika, kisha ugawanye kwa idadi ya meno.

Tuseme mashine yako inakata kwa mm 600 kwa dakika. Una biti ya meno mawili, na kichwa kinachozunguka mara 30,000 kwa dakika. Kila jino linanyoa 0.01 mm. Hapo jino halikati tena, linasugua. Msuguano unazaa joto, joto linaua makali, mbao inaanza kuwa nyeusi kwenye kona, na plastiki inayeyuka na kuganda kwenye biti. Sasa chukua mashine ileile na mwendo uleule, punguza mizunguko hadi 10,000, weka biti ya jino moja. Ganda linakuwa 0.06 mm, mara sita zaidi, bila kubadilisha fremu wala mota za stepa.

Kwa biti ya mm 3 kwenye plaiwudi au MDF, mimi hulenga kati ya 0.03 na 0.06 mm kwa jino. Kwa alumini na biti ya jino moja ya kipenyo hicho, 0.015 hadi 0.03 inatosha. Piga hesabu kwa mwendo ulioupata katika hatua ya 1 na utaona kitu ambacho matangazo hayakisemi: kwa mashine ya polepole, namba muhimu kwenye kichwa ni mizunguko ya chini kabisa kinayoweza kushikilia. Ile ya juu iliyoandikwa kwa herufi kubwa huenda usiiguse kamwe.

Na wati je? Mfereji wa upana wa mm 3 na kina cha mm 2, kwa mwendo wa mm 1,000 kwa dakika, unaondoa milimita za ujazo 100 kwa sekunde. Alumini hudai takriban wati 1 kwa kila milimita ya ujazo inayoondolewa kwa sekunde, na mbao hudai chini ya hapo. Kwa hiyo mfereji huo wa mbao hauwezi kudai hata wati 100 kwenye ncha ya biti. Kwenye alumini, mashine dhaifu ikila kina cha mm 0.3 kwa mm 300 kwa dakika, ni wati 5 hivi. Mota lazima iwe na akiba, naam, lakini anayefunga spindeli ya kilowati 2.2 kwenye mashine ya namna hii analipia uzito.

Hatua ya 3: Linganisha vichwa vinavyopatikana

Dirili ya mkono iondoe kwenye orodha. Mzunguko wake kwa kawaida hauzidi 3,000 hivi, na kishikio chake kimeundwa kwa kusukumwa kwenda mbele, si kwa kusukumwa ubavuni. Ukiikatia pembeni kwa muda, kishikio hulegea, na baadhi hutoka kabisa. Grainda ya mkono nayo haina koleti, nyingi hazina kidhibiti cha mwendo, na kuivua kinga yake ili ikae kwenye mashine ni hatari isiyo na sababu. Leza ya dayodi ni chombo kingine chenye kazi nyingine: inachora na kukata vitu vyembamba, lakini haitakuchongea shimo la kina ulichopanga. Ukiiongeza baadaye, nunua miwani ya urefu wa mawimbi wa leza hiyohiyo, na usichome PVC hata kipande kidogo, maana moshi wake una asidi ya hidrojeni kloridi.

Mota ya 775. Hii ndiyo inayokuja na mashine nyingi ndogo za kuunganisha mwenyewe. Inatumia volti 12 hadi 24, ni nyepesi, haina kelele nyingi, na mizunguko yake inadhibitiwa moja kwa moja na bodi inayoendesha mashine. Kwa kuchonga maandishi, kukata njia za shaba kwenye bodi za elektroniki na mbao nyembamba, inatosha. Udhaifu wake uko kwenye shimoni (fimbo ya mota inayozunguka) la mm 5. Koleti ya ER11 (ER ni aina ya koleti, namba ni saizi yake) inavishwa juu yake na kubanwa kwa skrubu ndogo za ubavuni, na skrubu hizo zikikazwa huisukuma koleti kando ya kitovu. Hapo biti huanza kuyumba. Beringi zake pia hazikuundwa kwa mzigo wa ubavuni, kwa hiyo ukiwa na kazi za mbao nene utaichoka haraka.

Chombo kidogo cha kuchongea cha mkono, cha aina ya Dremel. Watu hukipenda kwa kuwa tayari kiko ndani ya sanduku la zana. Kina nguvu kuliko 775 na kinashika biti za mm 3.2. Lakini mwili wake ni wa plastiki, na kibano kinaushika mbali na koleti, hivyo ncha inacheza hata fremu yako ikiwa imara. Kitumie kujifunzia kama unacho. Kukinunua kwa ajili ya CNC sikushauri.

Spindeli ya DC ya wati 500. Ni silinda ya chuma ya kipenyo cha mm 52, inakuja na koleti ya ER11, kibano chake na pawasaplai yake, na hufika mizunguko 12,000 hivi. Kwa mtu aliyefanya hesabu ya jino na kuona mashine yake ni ya polepole, 12,000 si upungufu, ni sawa kabisa. Kelele yake ni ndogo kuliko ya rauta, jambo la maana kama unafanya kazi ndani ya nyumba yenye watu. Ila ukiipunguza sana, nguvu inashuka nayo, na feni yake inayozunguka na shimoni haipozi vizuri. Zile zenye kaboni (brashi zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zitahitaji kubadilishiwa kaboni.

Rauta ndogo ya seremala, ile ya kupunguzia kingo. Kwa wengi wanaokata mbao, hii ndiyo ninayoipendekeza. Inapatikana madukani, vipuri vipo, na beringi zake zimeundwa kwa mzigo wa ubavuni tangu mwanzo. Makita RT0700C, kwa mfano, ina wati 710, uzito wa kilo 1.8, mwili wa mviringo wa mm 65 unaoshikika kirahisi, na kidhibiti cha mizunguko 10,000 hadi 30,000. Hiyo 10,000 ndiyo inayoipa thamani kwenye CNC. DeWalt DWP611 ni rauta nzuri mkononi, lakini inaanzia 16,000, na kwa mashine inayotembea mm 600 kwa dakika tofauti hiyo unaiona kwenye rangi ya ukingo wa mbao. Rauta za bei ya chini zaidi zisizo na kidhibiti chochote ziache. Na usiongeze dima (kipunguza umeme) ya nje kwenye rauta ambayo tayari ina kidhibiti cha elektroniki ndani yake. Vidhibiti viwili hugombana na kimoja huungua.

Rauta ina kero zake. Inapiga kelele kiasi kwamba vizuia sauti vya masikio ni lazima. Feni yake inapuliza hewa chini kwenye kazi na kutawanya vumbi. Bodi yako inaweza kuiwasha na kuizima kupitia rilei, lakini haiwezi kubadilisha mizunguko yake. Utageuza gurudumu kwa kidole.

Spindeli ya VFD, yaani inayoendeshwa na kifaa cha kubadilisha masafa ya umeme (Hz) ili kubadilisha mizunguko. Kwa mashine iliyofaulu kipimo cha ukakamavu, hii ndiyo tulivu na ya kudumu kuliko zote. Haina kaboni, na mzunguko wake ni laini. Ile ya wati 800 yenye kipenyo cha mm 65 ndiyo kikomo cha busara kwa mashine nyingi za kujiundia. Zile za mm 80, kilowati 1.5 na 2.2, zina uzito wa kilo 4 na zaidi, na zinataka daraja la chuma au alumini nene. Kumbuka nguvu yake inashuka sambamba na mizunguko: ya wati 800 kwa 24,000 inakuwa na kama wati 270 tu kwa 8,000. Kwa hesabu tuliyofanya juu, hizo bado zinatosha. Inayopozwa kwa maji iko kimya zaidi, lakini inaleta pampu, mipira na ndoo. Kwa bajeti ndogo chukua ya hewa.

Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, ingiza mipangilio ya spindeli kwenye VFD. Spindeli hizi zimeundwa kufika 24,000 kwa 400 Hz. VFD mpya mara nyingi imepangiwa mota ya kawaida ya 50 Hz, na ukiiwasha hivyo inasukuma volti zote kwenye mzunguko wa chini na koili zinaungua.

Hatua ya 4: Ipe koleti umakini kuliko mota

Biti ikiyumba kwa 0.05 mm na ganda lako ni 0.03 mm, jino moja linafanya kazi yote na la pili linapita hewani. Umelipia meno mawili, unatumia moja, na hilo moja linagongwa kwa nguvu kila mzunguko. Biti za mm 1 huvunjika kwa sababu hii zaidi ya sababu nyingine yoyote.

Ukiwa dukani bila geji, shika shimoni kwa vidole na ulisukume upande hadi upande, halafu juu na chini. Usisikie mchezo wowote. Zungusha polepole kwa mkono: likikwama kidogo mahali palepale kila mara, beringi ina kasoro. Nyumbani, funga biti mpya, weka ncha ya geji kwenye shina lake laini karibu na koleti, na zungusha mzunguko mzima kwa mkono. Kwa mbao, 0.03 hadi 0.05 unaweza kuvumilia. Kwa alumini na biti nyembamba, lenga 0.02 au chini. Mara nyingi kasoro iko kwenye koleti na si kwenye spindeli, na koleti nzuri moja inabadilisha mashine nzima kwa gharama ndogo.

ER11 inashika hadi mm 7, ER16 hadi mm 10, ER20 hadi mm 13. Koleti ya ER huingizwa kwanza kwenye nati yake, kwa kuinamisha hadi isikike "tk", ndipo nati ifungwe kwenye spindeli. Ukiitumbukiza ndani kisha ukafunga nati juu yake, itakaa upande na haitatoka kirahisi. Usikaze nati ikiwa koleti haina biti.

Kuna mtego wa vipimo hapa. Biti nyingi za bei nafuu zina shina la mm 3.175, yaani moja ya nane ya inchi. Koleti ya mm 3 si yake. Vivyo hivyo mm 6 na mm 6.35. Shina la mm 6 kwenye koleti ya 6.35 ya rauta linaonekana limeshika, kisha linateremka polepole wakati wa kukata na kutoboa hadi kwenye meza. Nunua koleti ya kipimo halisi cha biti zako.

Hatua ya 5: Chagua biti

Anza na biti za kabaidi (madini magumu kuliko chuma), jino moja au mawili, basi. Seti za biti thelathini za rangi za kupendeza zina tatu utakazotumia.

Kwa mbao na plaiwudi, ya meno mawili ya mm 3 inayovuta juu husafisha mfereji vizuri lakini huchana uso wa juu. Inayosukuma chini huacha uso safi na kubana vumbi ndani ya mfereji, kwa hiyo ipe kina kidogo. Kwa akriliki na alumini, jino moja lenye mfereji mpana uliong'arishwa. Kwa maandishi, biti ya V ya digrii 60. Nyingine zinunuliwe kazi ikizidai.

Urefu ndio wengi huupuuza. Ukakamavu wa biti hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo na hushuka kwa kipeo cha tatu cha urefu unaochomoza. Biti ya mm 6 ni ngumu mara 16 kuliko ya mm 3 ya urefu uleule, na kuchomoza nusu ya urefu kunaongeza ugumu mara 8. Kama unakata plaiwudi ya mm 6, biti yenye makali ya mm 8 inatosha. Ya mm 22 itakuletea mtetemo bure.

Hatua ya 6: Kibano na umeme

Kibano kishike mwili wa kichwa karibu na koleti iwezekanavyo. Vibano viwili ni bora kuliko kimoja. Cha plastiki kilichochapishwa kinafaa kwa 775 na, kwa uangalifu, kwa rauta; karibu na mwili unaopata joto, plastiki ya PLA hulegea.

Swichi ya dharura ikate kichwa pia, si mota za stepa peke yake. Rilei ya rauta iwe ya ampea za kutosha, maana kuwaka kwa mara ya kwanza kunavuta mkondo mkubwa. Kwa VFD, pima kwa mita kama pini ya ethi (waya wa ardhini) ya spindeli imeunganishwa kweli na mwili wake, kwa sababu kwenye baadhi ya zile za bei nafuu haijaunganishwa. Tumia kebo yenye ngao, iunge ngao hiyo na ethi, na upitishe waya za swichi za mwisho (zinazosimamisha mhimili ukifika ukingoni) mbali nayo, la sivyo mashine itasimama katikati ya kazi kwa ishara za uongo. Usiweke swichi kati ya VFD na spindeli. Na ukizima, subiri dakika kadhaa kabla ya kufungua kifuniko: kapasita ndani bado zina chaji.

Hatua ya 7: Kata la kwanza

Funga kipande cha mbao taka, kina cha mm 1, mizunguko ya chini, mwendo ulioupata. Kata mstari mmoja, zima, kisha chukua kilichotoka na ukisugue kati ya vidole. Ukiona maranda madogo yenye umbo, uko pazuri. Ukiona unga laini wa vuguvugu, jino linasugua: ongeza mwendo kwanza, mashine ikikataa, punguza mizunguko, ikiwa imeshafika chini kabisa, weka biti ya jino moja. Mlio wa kupiga kelele kali unaobadilika kwenye kona ni mtetemo: fupisha biti, kisha punguza kina. Usipunguze mwendo, kwa kuwa utarudi kwenye unga.

Baada ya dakika kumi gusa mwili wa kichwa karibu na koleti, mashine ikiwa imezimwa. Joto ni kawaida. Kama huwezi kuacha mkono hapo, ama feni imezibwa na vumbi au beringi imeanza kufa. Kaza tena bolti za kibano, kwani baada ya kupata joto la kwanza karibu zote huwa zimelegea kidogo.